Burkitt: Mpasuaji aliyejifunza siri ya uzani katika sufuria za Afrika Mashariki

SUALA la kupunguza uzani si jambo la kunong'onezana tena katika mtaa wa Majengo mjini Meru, wala katika Majengo ya Embu. Wapo wanaoamka alfajiri kukimbia barabarani, wapo wanaohesabu kalori kwa simu za mkononi, na wapo wanaojinyima chakula kutwa nzima, kisha jioni wakaizima njaa yao kwa sahani ya chipsi na chupa ya soda.

Wengi wao hulalamika kwamba mizani haisongi. Jasho linatoka na njaa inavumiliwa, lakini kilo zilizoondoka mwezi huu hurejea mwezi ujao.

Kilio hicho si cha Majengo pekee. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa 2008 hadi 2009 ulionyesha kwamba asilimia 25 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Kufikia utafiti wa 2014, kiwango hicho kilikuwa kimepanda hadi asilimia 33.

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya jibu la tatizo hili ilipatikana papa hapa Afrika Mashariki, zaidi ya nusu karne iliyopita, wakati ambapo unene ulikuwa nadra miongoni mwa wakulima wa vijijini. Aliyelitangaza jibu hilo duniani ni mpasuaji mwenye jicho moja, Dkt Denis Parsons Burkitt, aliyehudumu nchini Uganda kwa muda wa miaka 20.

Burkitt hakuwa mtaalamu wa kupunguza uzani, wala hakupata umaarufu kwa kuhesabu kalori. Lakini swali alilouliza ndilo ambalo mkazi wa Majengo anayetaka kupungua hulisahau anapoanza kukimbia: je, kilichomo sahanini kimefanywa nini kabla ya kufika mdomoni?

Jicho moja, macho mengi

Burkitt alizaliwa mnamo Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa kaunti aliyependa kuwachunguza ndege. Aliwafunga pete miguuni na kuchora ramani za maeneo ambayo kila ndege aliyamiliki. Tabia hiyo ya kuuliza kitu kinapatikana wapi na hakipatikani wapi, mwana aliirithi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipata ajali iliyompotezea jicho moja. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake, aliishi na jicho la kioo.

Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake, lakini muda si muda akabadili nia na kuingia katika udaktari. Alihitimu mnamo 1935, na miaka mitatu baadaye akafuzu kuwa mpasuaji mjini Edinburgh.

Aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, jeshi halikuwa na anasa ya kuchagua. Burkitt akaajiriwa kama daktari wa kijeshi, na hatimaye akatumwa Afrika Mashariki, ambako alihudumu Kenya miongoni mwa nchi nyingine.

Jina la Burkitt halikuwa geni nchini Kenya. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa mpasuaji aliyejulikana sana Nairobi katika enzi ya ukoloni.

Mnamo 1946, baada ya vita, serikali ya kikoloni ilimkubali mtu yuleyule iliyemkataa hapo awali. Alipelekwa Lira, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, na mnamo 1948 akahamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Ramani ya maradhi

Huko Lango, mpasuaji huyo alianza kuonyesha kipaji chake. Aligundua kuwa wanaume wa upande wa mashariki wa wilaya hiyo waliugua busha kwa wingi, ilhali wale wa upande wa magharibi hawakuugua sana. Madaktari wengine wangepasua na kusonga mbele. Burkitt alichora ramani.

Mnamo 1957, mwenzake katika Hospitali ya Mulago, Dkt Hugh Trowell, alimwita kumtazama mtoto aliyekuwa amevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina hiyohiyo. Alishawishika kuwa huo haukuwa mkasa wa sadfa.

Alipekua rekodi za wagonjwa, akatuma vijikaratasi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, na mnamo 1958 akachapisha maelezo ya saratani ambayo hadi leo hujulikana kwa jina lake.

Mwaka wa 1961, pamoja na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu kwa wiki kumi, mwendo wa takriban kilomita 16,000, akizitembelea hospitali karibu 60. Safari hiyo ilithibitisha kwamba ugonjwa huo hupatikana katika maeneo yenye joto na mvua ya kutosha, na hutoweka katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilikaribiana mno na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo, mtafiti Anthony Epstein alihudhuria mhadhara wa Burkitt jijini London. Kutokana na vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waligundua mnamo 1964 virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mtu mwingine angeridhika na sifa hizo. Burkitt alikuwa na miaka 55 aliporejea Uingereza mnamo 1966, na kazi iliyomfanya ajulikane hadi jikoni mwa watu wa kawaida ilikuwa haijaanza.

Maradhi ambayo hakuyaona

Mnamo 1967, Burkitt alikutanishwa na Thomas Cleave, nahodha mstaafu na daktari wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Wakati wa vita, Cleave aliwapa mabaharia waliofunga choo makapi ya ngano, nao wakapata nafuu.

Cleave aliamini kuwa maradhi mengi ya watu wa Ulaya, ikiwemo kisukari na unene, yalikuwa na chanzo kimoja: sukari na unga mweupe. Wakubwa wa tiba hawakumsikiliza.

Burkitt alimsikiliza, kwa sababu maneno ya mzee huyo yaliamsha kumbukumbu. Katika miaka yote aliyopasua watu Uganda, alikuwa amekutana mara chache mno na kidole tumbo, vijiwe vya nyongo, saratani ya utumbo mpana, au vifuko vinavyojitokeza kwenye kuta za utumbo. Nchini Uingereza, hayo ndiyo yaliyokuwa yakizijaza wodi za wapasuaji.

Naye Trowell, aliyeingia Kenya mnamo 1929 kabla ya kuhamia Uganda, alikuwa na ushahidi uliolandana na huo. Katika kitabu alichochapisha mnamo 1960, aliorodhesha maradhi ambayo hayakuonekana sana miongoni mwa Waafrika wa vijijini. Unene, kisukari na magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwemo.

Burkitt akarejelea mbinu yake ya zamani. Alizitumia barua hospitali za misheni zilizotawanyika Afrika na kwingineko, za namna ile ambayo watu wa Meru na Embu wanaijua kutokana na Maua na Chogoria, akiuliza kila mwezi ni wagonjwa wangapi wa maradhi fulani wameonekana. Majibu yalimwelekeza upande mmoja: maradhi hayo huandamana, na huingia mahali chakula cha asili kinapotoka.

Mnamo 1969 alichapisha makala katika jarida la Lancet akiuliza iwapo maradhi yanayoandamana hayana chanzo kimoja. Lakini alimpita Cleave kwa hatua moja. Cleave alilaumu kilichoongezwa katika chakula, yaani sukari. Burkitt alilaumu pia kilichoondolewa, yaani nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga na ambayo viwanda viliitupa kama takataka.

Mizani ya chooni

Ili kuthibitisha hoja yake, Burkitt alifanya jambo ambalo wataalamu wenye staha hawakulifikiria. Yeye na wenzake, Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, walipima uzito wa choo cha watu na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni.

Matokeo waliyochapisha mnamo 1972 yangali yanasimuliwa. Wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 za choo kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa muda wa saa 36 hivi. Mabaharia wa Uingereza pamoja na wake zao walitoa gramu 104, na chakula kilichukua takriban saa 83.

Katikati ya makundi hayo mawili walikuwa wanafunzi wa shule ya bweni nchini Uganda: gramu 185 na saa 47. Walikuwa Waganda kama wale wa kijijini, lakini miili yao tayari ilikuwa safarini kuelekea Uingereza. Tofauti basi haikuwa ya asili ya mtu. Sufuria ndiyo iliyotofautiana.

Burkitt alizunguka dunia akihubiri matokeo hayo, na magazeti yakampachika jina la mtu wa nyuzinyuzi. Aliwaambia wasikilizaji kuwa nchi ambayo raia wake hutoa choo kidogo hulazimika kujenga hospitali kubwa. Aliwaonyesha mchoro wa madaktari wakipangusa sakafu iliyofurika maji, ilhali hakuna aliyekumbuka kuufunga mfereji.

Kalori na nyuzinyuzi

Mpaka hapo, anayetaka kupunguza uzani anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini. Jibu lilitolewa na mmoja wa wafuasi wa hoja hiyo, Dkt Kenneth Heaton wa Bristol, katika makala ya 1973.

Heaton alieleza kuwa nyuzinyuzi ni kizuizi cha asili dhidi ya kula kupita kiasi. Kwanza, hujaza nafasi ambayo ingejazwa na kalori. Pili, humlazimisha mlaji kutafuna, na kutafuna huchukua muda na huleta shibe. Tatu, hupunguza kidogo kiasi cha kalori ambacho utumbo hufyonza.

Mnamo 1977, yeye na wenzake waliijaribu hoja hiyo kwa watu kumi. Waliwapa tufaha zima, kisha tufaha lililopondwa, kisha maji ya tufaha, kila mlo ukiwa na gramu 60 zilezile za wanga na sukari. Maji yaliweza kunywewa kwa kasi mara 11 kuliko kula matufaha mazima, na yalishibisha kwa uchache zaidi. Kalori hazikubadilika hata kidogo, ila njia ya kuingia mwilini ilibadilika, na njaa ikarudi upesi.

Hesabu hiyo inafanyika vilevile kwa vyakula vya nyumbani. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori zinazokaribia 90. Viazi hivyohivyo vikikaangwa kuwa chipsi, maji hutoka na mafuta huingia, na gramu 100 hubeba kalori zinazokaribia 300. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, yawe ya bei nafuu au ya bei ghali.

Chupa ya soda ya mililita 300 ina kalori zipatazo 130, na haina unyuzi hata mmoja. Kijiko cha chai cha sukari kina kalori 16. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu, hujiongezea karibu kalori 200 kabla ya kugusa chakula chochote.

Sasa mazoezi yawekwe kando ya hesabu hiyo. Mtu wa kilo 70 anayetembea kwa haraka kwa saa nzima hutumia kalori kati ya 250 na 300. Soda mbili zinatosha kuifuta safari yote.

Funzo la Wahadzabe

Wapo waliodhani kwamba wakulima wa enzi ya Burkitt walikuwa wembamba kwa sababu ya jembe na mwendo wa miguu pekee. Bila shaka kazi ilichangia. Lakini utafiti mmoja wa Tanzania umeonyesha kuwa mambo si mepesi hivyo.

Mnamo 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu inayotumiwa na miili ya Wahadzabe 30, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe hutembea na kuchimba mizizi kila siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya kalori walizotumia kwa siku haikutofautiana sana na ya watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini. Mwili, kwa maneno mengine, hubana matumizi kwingine pale kazi inapozidi.

Hii haina maana kwamba kukimbia ni bure. Mazoezi huimarisha moyo, hushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kuidhibiti sukari, na huwasaidia waliokwisha kupungua wasirudi walikotoka. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hata hivyo, anayetegemea mbio pekee huku sahani yake ikibaki ileile anachota maji kwa pakacha.

Si kila alilosema lilisimama

Ingekuwa makosa kumfanya Burkitt mtume asiyekosea. Ushahidi wake mwingi ulitokana na rekodi za hospitali ambazo wagonjwa wengi wa vijijini hawakuzifikia. Waganda na Waingereza hawakutofautiana kwa nyuzinyuzi tu, bali pia kwa umri wa kuishi, kazi, maambukizi na kiasi cha nyama waliyokula. Baadhi ya maradhi aliyoyafungamanisha na chakula, watafiti wa baadaye hawakuridhika nayo.

Wapo pia waliomshutumu kwa kuishusha afya ya taifa zima hadi kwenye kitu kimoja, ambacho kampuni za vyakula zilikipokea kwa furaha. Makapi yaliyokuwa yakitupwa yalitiwa katika pakiti na kuuzwa kwa bei ya juu. Burkitt mwenyewe alisisitiza chakula kizima, mkate wa unga usiokobolewa, maharagwe, viazi na mboga.

Pamoja na hayo, kiini cha hoja yake kimestahimili. Mnamo 2019, jarida lilelile la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 185 za kuwafuatilia watu kwa miaka mingi pamoja na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na vifo vichache kwa asilimia kati ya 15 na 30 wakilinganishwa na waliokula chache zaidi, na katika majaribio, waliozidishiwa nyuzinyuzi walipungua uzani. Mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku.

Sahani ya Majengo

Hapa ndipo maisha ya mpasuaji huyo yanapogeuka kuwa fumbo chungu. Nchi za Magharibi zilifundishwa na wanakijiji wa Afrika Mashariki kurudia nafaka nzima na kunde. Afrika Mashariki yenyewe, katika miaka hiyohiyo, ilikuwa ikielekea upande ambao wenzao walikuwa wakiukimbia.

Majengo ni mahali pazuri pa kuitazama safari hiyo. Kama Majengo za miji mingine ya Kenya, ni mitaa iliyokua katika enzi ya ukoloni, ambako Waswahili na wafanyabiashara kutoka pembe mbalimbali walikutana na wenyeji. Jiko la bara na jiko la pwani vikakaa ua mmoja. Githeri na mukimo vikapakana na pilau, mahamri na mbaazi.

Nje ya mitaa hiyo, mashamba yangali yanatoa vyakula ambavyo Burkitt angevisifu. Meru kuna nduma, viazi vikuu na ndizi. Nyanda za chini za Mbeere, katika Kaunti ya Embu, hustawisha mtama, ndengu, kunde na mbaazi. Gramu 100 za maharagwe yaliyochemshwa zina nyuzinyuzi zipatazo gramu saba. Sahani moja ya githeri iliyojaa maharagwe inaweza kumfikisha mlaji karibu na nusu ya kiwango cha siku.

Tatizo si ujinga wa walaji. Maharagwe makavu huchukua saa nyingi jikoni, na makaa na gesi ni pesa. Kibarua anayerejea nyumbani usiku hana saa tatu za kungojea sufuria, na chipsi ziko tayari mlangoni. Unga mweupe hukaa dukani muda mrefu bila kuharibika, nao huonekana kuwa ishara ya maendeleo. Bodaboda nayo imezifuta hatua ambazo zamani hazikuitwa mazoezi kwa kuwa zilikuwa ndiyo njia ya kwenda sokoni.

Hata hivyo, marekebisho yanayotokana na hoja ya Burkitt hayadai pesa nyingi. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, na yakipikwa mengi kwa mara moja hutosha siku kadhaa. Mahindi yakisagwa bila kukobolewa hubaki na sehemu ambayo viwanda huiondoa. Nduma na viazi vitamu vya kuchemsha vinaweza kushika nafasi ya mandazi asubuhi, na tunda zima likashika nafasi ya juisi.

Kwa anayepunguza uzani, nusu ya sahani ikijazwa mboga kama sukuma wiki, kunde au terere, robo ikawa maharagwe, ndengu, samaki au nyama isiyo na mafuta, na robo iliyobaki ikawa ugali au mukimo, kalori hushuka bila tumbo kulia njaa. Mafuta yapimwe kwa kijiko, si kumiminwa kutoka chupani. Githeri iliyokaangwa kwa vijiko sita vya mafuta imeongezewa kalori zaidi ya 700, na jina lake zuri halitaiokoa.

Nyuzinyuzi nazo ziongezwe pole pole kwa muda wa wiki kadhaa, pamoja na maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa hewa. Wenye kisukari, maradhi ya figo au wanaotumia dawa za kila siku wanapaswa kumwona daktari kabla ya kubadilisha lishe au kuanza mazoezi mazito.

Ambao hawakutajwa

Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Wanasayansi ya Uingereza mnamo 1972. Pamoja na Trowell, alihariri mnamo 1975 na 1981 vitabu vya kitaalamu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi ya Magharibi, na mnamo 1979 akawaandikia watu wa kawaida kitabu cha kuwakumbusha wasizisahau nyuzinyuzi. Alikuwa Mkristo mcha Mungu, mume wa Olive, aliyekuwa muuguzi, na baba wa mabinti watatu. Alifariki nchini Uingereza mnamo Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Jina lake limebaki katika vitabu vya saratani na katika historia ya lishe. Lakini wanakijiji wa Uganda waliokubali choo chao kipimwe hawakuandikwa majina, wala akina mama waliopika chakula kilichoyatoa matokeo hayo. Hao ndio waliokuwa walimu, na Burkitt alikuwa mwanafunzi aliyesikiliza vizuri.

Elimu hiyo haikuletwa na meli kutoka ng'ambo. Ilipikwa katika sufuria za eneo hili, ikaenda Ulaya, na sasa inarudi ikiwa ndani ya pakiti yenye bei. Mkazi wa Majengo anayeinunua pakiti hiyo dukani, ili ajipunguzie uzani, huwa amepita sokoni pale ambapo ndengu, kunde na nduma zimeanikwa juu ya gunia.